Wazo halina mwenyewe, taarifa zinaye: sheria na kampuni za teknolojia

Ukikaa na vijana wanaotengeneza programu za simu, Dar es Salaam au Nairobi, swali la sheria linaloulizwa mapema kuliko yote ni hili: nina wazo, nikalisajili wapi wasije wakaniibia? Jibu ni fupi na halifurahishi. Hakuna ofisi inayosajili wazo. BRELA, wanaosajili kampuni na alama za biashara Tanzania, hawasajili wazo; COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hawasajili; KIPI, ofisi ya mali za viwandani ya Kenya, nayo haisajili. Sheria inalinda vitu vinavyozaliwa na wazo: uvumbuzi wa kiufundi, maandishi, jina la bidhaa, siri iliyotunzwa, ahadi waliyopeana watu. Wazo lenyewe, likishatamkwa kikaoni, limekuwa la wote waliohudhuria kikao.

Kesi inayolieleza jambo hili vizuri kuliko zote imetoka Afrika Kusini.

Mwaka 2000 Nkosana Makate alikuwa mhasibu anayejifunza kazi katika kampuni ya Vodacom. Mpenzi wake alikuwa anasoma mbali, na mara nyingi hakuwa na salio la kumpigia. Makate akawaza: mtu aliyeishiwa angeweza kumtumia mwenzake ujumbe wa bure wa kumwambia "nipigie"? Wazo akalipeleka kwa mkurugenzi wa uendelezaji wa bidhaa, Philip Geissler. Geissler akalipenda, akamwahidi kwa mdomo kwamba huduma ikifanikiwa atapata sehemu ya mapato, na wakishindwa kuelewana juu ya kiasi, mkurugenzi mtendaji ndiye atakayekata shauri. Huduma ikaanza 2001. Leo mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyewahi kuishiwa vocha anazijua huduma za jinsi hiyo.

Malipo hayakuja. Makate alifungua kesi 2008, akashindwa Mahakama Kuu 2014, akashinda Mahakama ya Katiba tarehe 26 Aprili 2016. Vodacom walijitetea kwamba Geissler hakuwa na mamlaka ya kutoa ahadi ile, na kwamba hata kama deni lilikuwepo, muda wake wa kudaiwa ulikuwa umepita. Mahakama ikakataa yote mawili. Mtu mliyempa cheo kikubwa na kazi ya kupitisha bidhaa mpya, mfanyakazi wa chini yake ana haki ya kuamini kwamba neno lake linaifunga kampuni. Vodacom wakaamriwa wakae wajadiliane na Makate kwa nia njema.

Hapo ndipo ugomvi wa kiasi ulipoanza. Mwaka 2019 mkurugenzi mtendaji alimpa randi milioni 47, akazikataa. Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema apewe kati ya asilimia 5 na 7.5 ya mapato ya huduma ile. Julai 2025 Mahakama ya Katiba ikautengua uamuzi huo na kuirudisha kesi isikilizwe upya. Novemba 2025 pande mbili zikamalizana nje ya mahakama. Robo karne kwa ujumbe wa bure.

Tazama kisichokuwemo katika hukumu ile. Hakuna hataza, ile haki ya kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wako. Hoja ya nani alitangulia, maana MTN nao walikuwa na huduma ya aina hiyo wakati huohuo, haikuamua kitu. Makate hakushinda kwa sababu alikuwa mvumbuzi. Alishinda kwa sababu aliahidiwa. Kama Geissler angemsikiliza, akamshukuru na kumwambia arudi kazini, sijui kesi ingesimamia mguu gani.

Nairobi ilipata funzo kama hilo kwa upande wa pili. Mwaka 2012 Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ilizindua Kopa Chapaa pamoja na Airtel: mkopo mdogo unaoombwa na kulipwa kwa simu. Mwishoni mwa mwaka huohuo Safaricom na Commercial Bank of Africa wakatoa M-Shwari. Faulu wakaenda Mahakama Kuu kuomba M-Shwari isimamishwe, wakidai kwamba wao ndio waliowapelekea Safaricom dhana ile kwanza. Mahakama haikukubali kuisimamisha. Kukopesha watu kwa simu ni namna ya kufanya biashara, na namna ya kufanya biashara haina mwenyewe. Matokeo yake tunayaona: leo mkopo wa simu uko kila mahali, na hakuna anayemlipa mwingine ada kwa kuufikiria kwanza. Mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa ningekuwa Faulu nisingeona.

Basi hataza ni ya nini? Hataza ni mapatano na serikali. Wewe unaueleza uvumbuzi wako hadharani kwa ukamilifu, mtu wa fani hiyo akisoma aweze kuutengeneza. Serikali nayo inakupa muda wa kuwazuia wengine wasiutumie, kwa kawaida miaka 20. Lazima uvumbuzi uwe mpya duniani kote, usiwe jambo ambalo fundi wa kawaida angelifikia bila kuumiza kichwa, na uweze kutumika viwandani au kazini. Sheria ya Mali za Viwandani ya Kenya ya 2001 inaziondoa wazi kanuni za hisabati na mbinu za kufanya biashara. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973 unaziondoa programu za kompyuta kama zilivyo. Marekani walikuwa wakarimu zaidi, mpaka 2014 Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank kwamba kuchukua jambo la kinadharia la siku nyingi na kuliendesha kwa kompyuta hakulifanyi kuwa uvumbuzi. Kwa kampuni nyingi zinazotengeneza programu huku kwetu, mlango huo umefungwa kabla hawajaufikia.

Wanaobaki ni wenye vifaa: mita ya maji inayolipiwa kwa simu, kihisi cha shambani, mfumo wa betri za pikipiki. Hao wana mambo mawili ya kuyashika. Kwanza, hataza haivuki mpaka. Ya Kenya haimzuii mtu wa Mwanza, ingawa kupitia ARIPO, shirika la mali za ubunifu la nchi za Afrika lililoko Harare, unaweza kuomba ulinzi katika nchi kadhaa kwa ombi moja. Pili, mdomo huponza. Ukishaonyesha kifaa chako kwenye maonyesho ya Sabasaba au kukirusha Instagram kabla ya kupeleka maombi, huenda umeshaua upya wake. Baadhi ya nchi zina muda wa rehema kwa mvumbuzi aliyejitangaza mwenyewe, Ulaya haina.

Vita vya Apple na Samsung, vilivyoanza 2011, vikafikia hukumu ya baraza la wazee ya dola zaidi ya bilioni 1 mwaka 2012 na kumalizika kwa suluhu 2018, ndivyo vinavyojaza vichwa vya watu wanaposikia "sheria na teknolojia". Kwa kampuni ya watu sita iliyopanga vyumba viwili Sinza, hiyo ni mechi ya kutazama kwenye televisheni. Hatari yao iko kwenye karatasi ambazo hawajaandikiana.

Chukua msimbo wenyewe, yaani maandishi ya programu. Huo unalindwa na hakimiliki kama kazi ya uandishi, na ulinzi unaanza pale unapoandikwa, hata usiposajiliwa popote. Kasheshe ni kujua anayeumiliki. Nimeona hali hii mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisimulia bila kutaja mtu. Waanzilishi wawili wana wazo na hawana fundi. Binamu wa mmoja anajua kuandika programu, anakubali kulipwa kidogo kidogo na kuahidiwa hisa. Anafanya kazi miezi minane. Akaunti ya kuhifadhia msimbo imefunguliwa kwa barua pepe yake, na seva inalipiwa kwa kadi yake. Kisha anapata kazi Kanada, anaaga, mnakula pilau. Mwaka unaofuata anakuja mwekezaji, na mwanasheria wake anatuma orodha ya nyaraka. Kwenye mstari wa nne au wa tano ameandika: hati ya kuhamisha hakimiliki kutoka kwa kila aliyeandika programu.

Hati hiyo haipo. Sheria ya Kenya inakupunguzia maumivu, kwa sababu kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama mlipatana vingine. Uingereza na Marekani mambo ni tofauti: mtu wa nje uliyempa kazi ya kuandika programu hubaki na hakimiliki yake mpaka aihamishe kwa maandishi, na risiti za malipo hazitoshi. Mwekezaji wa London anasoma kwa macho ya London. Sasa binamu anajua kwamba sahihi yake ina bei. Karatasi ambayo siku ya kwanza angeitia sahihi huku anakunywa chai, leo anataka kwanza mwanasheria wake aipitie.

Msimbo huria nao una masharti yake, ijapokuwa wengi wanaudhani wa bure tu. Leseni kama ya MIT inakutaka uhifadhi tangazo la hakimiliki, basi. Leseni ya GPL ni kali: ukisambaza programu uliyojenga juu ya msimbo wake, unatakiwa kuwapa unaowasambazia na msimbo wako. Fundi aliyenakili kipande usiku ili awahi tarehe hakukuambia ni cha leseni gani, na wewe hukumuuliza.

Upande wa jina, kosa la kawaida Tanzania ni kudhani kwamba ukishasajili kampuni BRELA, jina limekuwa alama yako ya biashara. Hayo ni madaftari mawili. Unaweza kuwa na kampuni halali yenye jina ambalo mwingine ameshalisajili kama alama ya bidhaa zake. Na alama iliyosajiliwa BRELA inalindwa Tanzania Bara tu. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na unaomba upya. Ukitaka kujua jina lina uzito gani, angalia M-Pesa. Huduma ilianza Kenya Machi 2007 na ikawa fahari ya Wakenya, lakini chapa na mfumo wake vilikuwa mali ya Vodafone ya Uingereza, na Safaricom walikuwa wakiwalipa ada ya kuvitumia. Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom walipovinunua kwa pamoja.

Mpaka hapa tumezungumza mali ambayo kampuni inataka kuitetea. Kwenye taarifa za watu kibao kinageuka: hapo kampuni imeshika mali ya mwingine.

Kenya walipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data 2019. Uganda nao mwaka huohuo, Rwanda 2021. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Zote zinafanana sura, kwa sababu zote zimeangalia ile ya Ulaya iliyoanza Mei 2018. Kiini chake hakihitaji mwanasheria: kusanya unachokihitaji tu, mwambie mwenyewe unakikusanyia nini, usikitumie kwa kazi nyingine, kitunze, na kazi ikiisha ukifute. Anayekusanya kwa kawaida hutakiwa ajisajili kwa mdhibiti. Kuzipeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake, na hilo linawagusa wengi wasiojijua, maana seva waliyoikodi mtandaoni ipo Ireland au Virginia.

Sasa fungua programu ya mikopo kwenye simu. Kabla haijakuuliza unataka shilingi ngapi, inakuomba ruhusa: kusoma majina yote uliyohifadhi, kusoma ujumbe mfupi, kujua ulipo, kutumia kamera. Chini kuna kitufe kimoja kikubwa cha rangi ya kijani, RUHUSU. Mwenye shida ya ada ya mtoto anabonyeza. Mkopo ukichelewa siku tatu, shangazi yake aliyeko Kigoma anapokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli, mwambie alipe deni. Shangazi hakukopa. Hajawahi hata kuisikia programu hiyo. Namba yake imekusanywa kwa ruhusa ya mtu mwingine, na hapo ndipo sheria inapoibana kampuni: mkopaji anaweza kukupa taarifa zake, za shangazi yake si zake kuzigawa.

Kenya jambo hili limekwisha kugharimu watu fedha. Kanuni za Benki Kuu za 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuchukua orodha ya majina ya mteja ili kuwatumia ujumbe watu wake anapochelewa kulipa. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Mulla Pride, kampuni yenye programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho. Katika tangazo hilohilo klabu ya Casa Vera ilitozwa 1,850,000 kwa kurusha picha ya mteja, na shule ya Roma 4,550,000 kwa kurusha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Klabu na shule, tazama. Sheria hii haiulizi kama wewe ni kampuni ya teknolojia. Tanzania, ambako wananchi wenyewe wameshaipa mikopo ya aina hiyo jina la kausha damu, Benki Kuu ilitoa mwishoni mwa 2024 orodha ya programu za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni.

Faini zenyewe zina kichekesho chake. Sheria ya Ulaya inasema hadi euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka duniani, kilicho kikubwa. Ndiyo maana Meta, wenye Facebook, walitozwa euro bilioni 1.2 Mei 2023. Sheria ya Kenya inasema hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kilicho kidogo. Kwa kampuni kubwa, milioni 5 ni gharama ya chakula cha mkutano. Walioiandika walitaka wasiwaue wadogo, naelewa, ila wamewapa wakubwa bei nafuu ya kukosea. Kinachouma zaidi ni fidia anayoweza kudai kila mtu mmoja mmoja, na amri ya kufuta.

Amri ya kufuta ndiyo iliyowapata Worldcoin. Katikati ya 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu kwenye jumba la mikutano la KICC, Nairobi, wakitazama ndani ya kidude cha mviringo kinachopiga picha mboni ya jicho, ili wapewe sarafu za kidijitali zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile za miili ya watu zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna. Hakukuwa na tathmini ya athari kwa taarifa za watu iliyofanywa inavyotakiwa kabla ya kuanza, na ridhaa ya mtu mwenye njaa uliyemwonyesha fedha kwanza haihesabiki kuwa ya hiari. Serikali yenyewe ilikuwa imeshaonja dawa hiyo: Oktoba 2021 mahakama hiyohiyo iliharamisha utoaji wa kadi za Huduma Namba, utambulisho wa kidijitali wa taifa, kwa sababu ya tathmini ileile iliyorukwa.

Imebaki siku ambayo milango imevunjwa. Kwanza tofautisha mambo mawili yanayochanganywa kila mara. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa Kenya, unaotoa huduma za serikali mtandaoni, ulishambuliwa kwa mafuriko ya maombi ya uongo, huduma zikakwama kwa siku kadhaa, na serikali ikasema hakuna taarifa zilizopotea. Huko ni kuzibwa kwa mlango. Uvujaji ni mtu kuingia akatoka na daftari la wateja, na huo ndio unaoianzisha saa ya sheria.

Kenya, kampuni iliyokusanya taarifa ina saa 72 tangu igundue uvujaji wenye hatari ya kweli kwa watu, iwe imemjulisha Kamishna. Wenye taarifa nao wajulishwe. Saa 72 zinaonekana nyingi mpaka uzihesabu. Ukigundua Ijumaa saa kumi na moja jioni, zinakwisha Jumatatu saa ileile, na mwisho wa wiki wote umo ndani yake. Katika muda huo unatakiwa uwe umejua kilichovuja, cha watu wangapi, kupitia wapi, na umefanya nini kuziba. Kampuni isiyoandika kumbukumbu za nani aliingia kwenye mfumo lini haiwezi kujibu hata swali la kwanza.

Na mara nyingi aliyevunjiwa si wewe. Ni kampuni unayoilipa ikutumie ujumbe mfupi, au inayokuhifadhia nakala za kumbukumbu, au kituo cha simu ulichokikodi. Sheria ya Kenya inampa huyo saa 48 za kukuarifu. Kwa mteja na kwa Kamishna, anayeulizwa ni wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyezichukua taarifa mkononi mwa watu. Fungua mkataba wako na mtuma ujumbe na utafute mahali panaposema akivunjiwa amwambie nani, kwa namba ipi, ndani ya muda gani. Katika mikataba mingi niliyoisoma kuna kurasa mbili za bei kwa kila ujumbe, na juu ya hilo hakuna hata mstari.